Wimbo Unaongoja Matanga Yaishe

Ni watu watatu tu waliowahi kuusikia wimbo wa kwanza niliotengeneza: mimi, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa jirani yangu, na mwanamke aliyeuimba. Mwanamke huyo amefariki. Wimbo umekamilika, lakini siwezi kuutoa.

Kabla ya hapo nilikuwa DJ katika baa moja ya mtaa wa Kinindo, upande wa ziwani. Wateja wetu walikuwa watu wa mashirika na wengine waliokuja na magari yao. Kazi ile ilinifundisha kutazama miguu. Mtu anaweza kukusifu kwa mdomo huku miguu yake imelala chini ya meza. Nilipiga nyimbo za wengine kwa miaka, hadi nikachoka kushangiliwa kwa kazi ambayo sikuifanya. Nikapanga chumba mtaa wa Cibitoke, nikabandika magodoro ya zamani ukutani, nikanunua maikrofoni moja.

Shida ikawa fundi. Tulitenganishwa na ukuta mmoja tu. Umeme ukiwepo, alikata vyuma kutwa nzima. Ukikatika, yeye alinyamaza, na kompyuta yangu nayo ikanyamaza. Kwa hiyo nilirekodi Jumapili, yeye akiwa misa ya pili.

Mwanamke aliyeuimba wimbo ule aliuza matunda mpakani, Gatumba, na Jumapili alfajiri aliimba katika kwaya ya misa ya kwanza. Nilimsikia kwenye harusi niliyopeleka spika zangu. Nilipomwomba aje kujaribu sauti, alicheka.

“We DJ, umezoea kukatia watu wimbo katikati. Mi utanikatia wapi?”

“Apana, utaimba mpaka mwisho.”

“Hata nikiimba vibaya?”

“Ukiimba vibaya, nitaongeza besi.”

Alikuja, Jumapili baada ya Jumapili. Aliimba amevua viatu, mkono mmoja ukiwa sikioni. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe, kuhusu maji yalipoingia majumbani Gatumba: mama amebeba kitanda kichwani na hajui atakiweka wapi. Hakuuimba kwa kulia. Aliuimba kama mtu anayeuliza njia. Siku tuliyomaliza, fundi alirudi kutoka misani akasimama mlangoni na shati lake jeupe, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu: “Rudilia.”

Mimi nilitaka kuutoa kesho yake. Mwimbaji wangu akasema tungoje kidogo, kwanza mama yake asikie. Wiki hiyohiyo homa ikamshika. Tulimzika kabla mama yake hajasikia chochote.

Kwetu, nyumba yenye msiba haipigi muziki mpaka familia ikutane na kumaliza matanga, siku tunayoiita kuganduka. Siku hizo nazijua vizuri, kwa sababu DJ huitwa kuzichangamsha baada ya hotuba, na nimeshawapigia muziki wafiwa wengi chini ya hema. Lakini safari hii nilimwendea mama wa marehemu nikiwa na jambo langu. Nilimweleza kwamba wimbo uko tayari, na kwamba mtangazaji mmoja wa redio niliyemsimulia anauomba.

“Sauti yake iko mule ndani?” aliuliza.

“Iko, mama.”

“Basi iache ikae. Mutoto wangu ataimba namna gani na sisi tungali tunamulilia?”

“Na wewe mwenyewe hutaki kusikia? Hata kidogo?”

“Apana. Siku ya kuganduka utaipiga. Mi nitakuwa wa kwanza kucheza, utaona.”

Alisema hivyo akitabasamu.

Familia ilikubaliana kwamba matanga hayawezi kuisha bila kaka mkubwa, anayefanya kazi nje ya nchi. Kwanza alisema atakuja mvua zikikatika. Zikakatika. Kisha akasema akipata likizo. Mtangazaji ameshaacha kuniuliza. Katika kungoja huko nimewatengenezea wengine nyimbo zao, zinapigwa, na watu wananiita prodyuza. Nashukuru. Lakini ule ninaouona bora kuliko zote sijawahi kuujaribu mbele ya mtu anayecheza, na huenda najidanganya.

Kinachonitia hofu zaidi ni masikio ya mama. Mwanzo alikuwa akiniomba nirudie neno mojamoja. Sasa anasikia kwa sikio la kulia tu, tena ukimsogelea. Sijathubutu kumwambia kwamba nimeliona hilo, wala kumwomba tena asikilize. Ameshanijibu.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumsalimu. Nilibisha, nikabisha tena, hatimaye nikaingia. Alikuwa ameketi akiutazama mlango uleule niliokuwa nikiugonga. Nikamsogelea nikamuuliza habari za kaka.

“Amesema atakuja,” alijibu. “Hakusema lini.”