Mto ni wa Nani

Juzi dada alinilazimisha kutoka nyumbani, kazi ngumu kwa mtu anayeaga kitanda chake kama anakwenda safari. Tulipopita Hai Jalaba, mtaa wa hapa Juba, nikamwona mwenye duka akifunga makatoni kwa kamba, na harufu ya ubani ikatoka ndani. Nikamkumbuka Huda, rafiki yangu wa utotoni.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara kutoka Kaskazini. Alasiri moja naye alikuwa akifunga makatoni dukani kwake, nami nikadhani ameingiza mali mpya. Huda na mimi tulikaa kizingitini tukila karanga na kugombana: nchi ikigawanyika Kaskazini na Kusini, Mto Naili utakuwa wa nani?

"Wetu," nilisema. "Unatoka kwetu."

"Inatoka Uganda, ya Keji! Kwani wewe iko Mganda?" Huda alicheka, akiniita kwa "ya" ya Kiarabu. Kiswahili chenyewe alikipata kwangu, kwa hiyo alinichapa kwa fimbo yangu.

Mimi nikishindwa hoja hupandisha sauti. "Basi fuata maji yako! Nenda kwenu!"

Hakucheka tena. "Kwetu ni hapa," alisema polepole.

Baba yake alitutazama, kisha akaendelea kukaza kamba.

Wiki hiyo duka lilitiwa kufuli. Kwa miaka mingi niliamini ni mimi niliyewafukuza. Leo najua kwamba watu wazima walikuwa wameshawaambia maneno yale yale, tena si kwa sababu ya mto. Lakini Huda alizaliwa Juba. Mimi niliyemwambia aende kwao nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nifike kutoka Kenya, tulikokuwa wakimbizi.