Baba Aliyejua Bila Kukumbuka

Kabla ya kustaafu, baba alikuwa mwalimu wa kilimo huko Mabanga. Alipenda kusimulia. Ukimtajia mvua tu, alikupeleka hadi mvua ya mawe iliyowanyeshea yeye na mama siku ya harusi yao. Kisha akashikwa na homa. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi Kitale. Nilipofika Bungoma nilimkuta hospitalini anatetemeka mwili mzima, hanitambui. Homa iliisha. Akanitambua, akala, akatembea. Tulishukuru mapema mno.

Siku tuliyomrudisha nyumbani aliuliza, "Mbona dada yako haji kuniona?"

Dada yangu mkubwa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akijifungua, na mtoto naye hakupona. Baba mwenyewe ndiye aliyechagua mahali pa kaburi, nyuma ya jikoni.

Mama akamwambia. Baba alipiga yowe hadi majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mpya. Kwake ulikuwa mpya. Asubuhi iliyofuata, kikombe cha chai mkononi, akauliza tena.

Tulielekezwa Eldoret, kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alianza na maswali.

"Mzee, mahindi yanapandwaje?"

Baba akaeleza nafasi, mbolea, palizi, hata nikatabasamu.

"Na siku ya harusi yako ilikuwaje?"

Akafikiri sana. "Nina mke," akasema. "Watu wakioana hufanya harusi. Kwa hivyo nilifanya."

Mama alitazama sakafu.

Baadaye daktari aliiweka picha mbele ya taa. Pande zote mbili za ubongo, usawa wa masikio, palikuwa na madoa meusi. "Ugonjwa umeharibu hapa," akasema. "Mengi aliyojifunza zamani yamebaki. Lakini kurudi ndani ya siku aliyoiishi, hawezi tena."

"Atapona, daktari?" mama aliuliza.

"Hapo, hapana mama. Pole sana."

Nyumbani nilimshauri mama tumwambie baba kwamba dada yuko kwangu Kitale. Tukajaribu. Baba alibeba kiti, akakaa langoni kumngojea, akakataa chakula. Jioni mama alimfuata, akamwambia ukweli, wakalia pamoja.

"Si afadhali alie," mama akaniambia, "kuliko kumngojea mtu ambaye haji?"

Aliendelea kumwambia ukweli msimu mzima wa mvua. Kilio kikawa kinapungua, nami nikadhani baba anapata nafuu. Kisha mgeni wa kanisani akaja kutujulia hali, akamtaja dada kwa huzuni.

"Huyo alikufa akijifungua," baba akasema, kwa sauti ileile ya kueleza mahindi. "Kaburi liko nyuma ya jikoni. Karibu chai."

Hakuna hata chozi. Kifo cha mwanawe alikuwa amekikariri kama somo. Mama aliinuka akatoka nje, na chai ile hakuileta mtu.

Tangu hapo mama alizoea kuja kwangu Kitale. Alikuwa akivua viatu, anakaa, anaanza kusimulia jinsi dada alivyochelewa kutembea, jinsi alivyoogopa kuku.

"Unakumbuka?" alikuwa akiniuliza.

Sikuwa nimezaliwa. Aliyekuwepo naye siku zile ni baba peke yake.

"Endelea, mama," nilimwambia.