Mirija Tisa

Nikipita sokoni Katubuka penye ndizi zilizoanza kuchacha, harufu ile hunirudisha kwenye shamba la bibi. Migomba yake yote ilikuwa ya pombe, imepandwa na baba yake, na yeye kila masika aliongeza machipukizi.

Mwaka waliovuka wakimbizi wa Burundi, mama mmoja alifikia kwetu, peke yake. Alikamua ndizi kwa majani kutushinda sote. Pombe ilipokuwa tayari, bibi alimtuma akate mirija, maana chungu ni kimoja na kila mnywaji ana wake. Wanywaji walikuwa wanne. Alirudi na mirija tisa, akaichomeka yote chunguni.

Nilidhani amekosea kuhesabu, nikachomoa mmoja.

“Oya, mwana wanje,” alisema taratibu kwa Kirundi, yaani hapana, mwanangu. “Urudishe. Huo una mwenyewe, bado yuko njiani.”

Bibi alisogeza kigoda chake, nafasi ikabaki.

Walipomaliza kunywa, mimi ndiye niliyekusanya mirija. Nikaishika mmoja mmoja pale juu, panapowekwa mdomo. Yote tisa ilikuwa imelowa. Nilimwonyesha bibi.

“Ioshe yote,” alisema. “Wataihitaji tena.”