Nukta za Jumamosi

Kwenye kinu cha unga pale Rodi Kopany, Risper alikuwa na ukuta wake. Alikuwa amebandika karatasi ndefu yenye mistari mitatu, wa kati wa buluu na miwili ya pembeni myekundu. Kila saa aliokota pakiti chache zilizokwisha kufungwa, akazipima, akatia nukta pale wastani wake ulipoangukia. Wenzake walimcheka, wakasema anamshonea Mzee Obare kitambaa cha meza. Yeye hakujali. Chuoni Migori alifundishwa kwamba hakuna pakiti mbili zinazolingana kabisa, na kupanda na kushuka kidogo si ugonjwa. Ugonjwa ni nukta kuruka mstari mwekundu, au zote kuhamia upande mmoja. Hapo ndipo unauliza kuna nini.

Kosa lake, na nilitaje mapema, ni kwamba aliacha kuuliza kuna nini, akauliza ni nani.

Mwanzoni mwa mwaka nukta karibu zote zilipanda juu ya mstari wa buluu. Obare, mwenye kinu, alifoka kwamba unga wake unakwenda bure, akaamuru mashine ipunguzwe. Ikapunguzwa. Nukta zikashuka zikakaa sawa, na hakuna aliyejisumbua kujua zilikuwa zimepandishwa na nini. Kisha za Jumamosi zikaanza kuanguka chini ya mstari mwekundu. Jumatatu zinarudi mahali pake, Jumamosi ikifika zinaanguka tena.

Siku nyingine zote anayepakia unga ni Bonareri, mama wa Kikisii, Msabato asiyetaka mchezo. Jumamosi yeye yuko kanisani, na mahali pake hushikwa na Maroa, kibarua kutoka upande wa Isebania, mtu wa maneno machache. Maroa ni jirani yake Risper. Upepo ulipong'oa mabati ya Risper, ndiye aliyepanda juu na nyundo huku mvua ikimnyeshea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Basi Risper alipoziona nukta zile aliumia, akanyamaza. Alijisemea kwamba maskini ana watoto, pengine anabeba kidogo cha uji. Tena alijiona mwema kwa kunyamaza huko, jambo ambalo hunikera hadi leo.

Mambo yaliharibika Ijumaa. Duka moja la Oyugis lilirudisha pakiti nyepesi, na habari zikaja kwamba afisa wa vipimo yuko njiani wiki ijayo. Obare akasoma tarehe kwenye pakiti. Zote za Jumamosi.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” akasema. “Kesho nakuja na polisi. Huyo jamaa wa Isebania atalala ndani.”

Kesho yake Risper alisimama nyuma ya Maroa, roho mkononi, asibandue macho kwenye mikono yake. Maroa hakutia kidole ndani ya pakiti hata moja. Alipokea unga kama ulivyodondoka, akafunga. Risper akainyakua moja mdomoni mwa mashine kabla Maroa hajaigusa, akaipima. Nyepesi. Akachukua nyingine. Nyepesi. Ikiwa mashine yenyewe inatoa pungufu, siku nyingine nani anajaza?

Macho yake yakaangukia beseni la Bonareri kando ya mashine, na kikombe cha plastiki ndani yake, vimefunikwa kwa leso.

Simu ya Bonareri ilikuwa imezimwa. Risper alikimbia hadi kanisani na aproni yake kiunoni, akamkuta mlangoni, Biblia kifuani.

“Mama, hicho kikombe chako ni cha nini?”

“Risper, leo ni Sabato. Mambo ya kazi tuache mpaka Jumatatu.”

“Jumatatu Maroa atakuwa ndani! Wanasema ameiba unga.”

Bonareri alimtazama kama aliyetukanwa. “Kuiba aje? Mimi ndiyo naongezanga. Wewe umeona wapi mtu anauziwa unga bila nyongeza? Hata sokoni ukipima mkebe wa gorogoro bila kuongeza, watu wanakuita mchoyo. Tangu niingie hiyo kazi Januari naongeza kidogo kila pakiti.”

“Twende umwambie Mzee.”

Mama yule akasita. Ndani wimbo ulikuwa umeanza. “Hata Yesu aliponya watu Sabato,” akasema, akatangulia.

Walipofika, polisi alikuwa amemshika Maroa mshipi. Mfuko wake ulikuwa umemwagwa chini: sweta, na mkebe wa chakula.

“Haya, Risper,” Obare akasema. “Ambia afande hizo dots zako zinasema nini.”

Risper aliwapita, akaenda mashineni. Aliwasha mashine, akatega pakiti asiiguse mtu, akaiweka kwenye mizani mbele ya polisi. Pungufu. Bonareri akatia unga wa kikombe chake. Mizani ikatimia.

“Zilipanda kwa nyongeza ya mama,” Risper alisema. “Ukashusha mashine, Mzee. Mama asipokuwepo, unatoka unga ule uliopunguza wewe. Hakuna mtu ameiba.”

Obare aliisoma mizani upya. Polisi akaachilia mshipi, akajifanya anaangalia lori lililokuwa likipita barabarani.

Risper aliinama akaokota mkebe, akampa Maroa. Alitarajia asante, tuseme ukweli. Lakini Maroa alikuwa anatazama ukutani, kwenye zile nukta zilizoanguka Jumamosi baada ya Jumamosi.

“Hizi zimekuwa hapa siku nyingi,” akasema.

“Zimekuwa.”

“Na hukuniuliza.”

“Nilikuwa nakuonea huruma, Maroa. Nilidhani…”

“Kwa hivyo na wewe ulijua mimi ni mwizi.” Hakusema kwa hasira. Alipangusa vumbi kwenye sweta lake, akarudi mashineni kufunga pakiti, maana zamu yake ilikuwa haijaisha.