Inchi Nne za Mama Kamba

Ukitaka kumwona Mama Kamba akitoa moshi puani, mtajie mnunuzi wa miti anayekadiria kwa macho. Mtaje tu, halafu kaa pembeni.

"Yaani mtu mzima na akili zake anasimama chini ya mti, anainua kidevu, anaguna, anataja bei! Kwani macho yake yana namba? Huo ni wizi, tena wizi wa mchana kweupe!"

Atasema hayo mikono kiunoni, na kama una kikombe cha chai utakiweka chini, maana chai haishuki mbele ya hasira ya namna ile.

Na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Wakadiriaji wale wamewamaliza watu. Mtu anapanda miti mitano nyuma ya nyumba, anaitunza miaka ishirini, anafukuza mbuzi, anagombana na jirani kwa ajili ya matawi, halafu siku amebanwa na shida anatokea bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, anampa hela ya mlango mmoja na kuondoka na mbao za nyumba nzima. Na anaagwa kwa asante! Hilo la asante ndilo lililokuwa likimkereketa Mama Kamba kuliko yote.

Yeye naye alinunua miti ikiwa bado imesimama, lakini aliipima. Alipiga magoti na khanga yake, akauzungushia mti kamba palepale msumeno utakapopita, shibiri moja kutoka ardhini, akahesabu futi kwa sauti mwenye mti akisikia. Kisha akamwambia bila kumung'unya maneno: mti wako utanipa mbao kadhaa, bei yangu kwa kila futi ni hii, na ni hiyohiyo kwa tajiri na kwa mlalahoi. Hukubali, tunaagana kwa heri.

Kamba yenyewe aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa mpasua mbao. Ilikuwa ya katani, nyembamba, imelainika kwa mikono ya watu wawili, na kila futi ilishonewa uzi mwekundu. Mzee alipofariki, kaka zake waligawana baiskeli na redio, wakamwachia yeye kamba na kumcheka. Wacheke tu. Kwa kamba ile alisomesha watoto watatu, akajenga nyumba na ghala la mbao, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika hata na wakwe zake.

Jambo lingine alilojivunia ni wapasuaji wake. Kiongozi wao alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa maneno mengi na msumeno mkali. Kila gogo walilopasua lilitoa ubao mmoja au mbao mbili zaidi ya hesabu. Mama Kamba aliziita mbao za baraka.

"Shemeji, mkono wako una dawa," alimwambia.

"Dawa gani? Ni njaa tu hiyo, shemeji. Ongeza mshahara uone zinavyozidi."

Wakacheka, na mbao za baraka zikauzwa pamoja na nyingine.

Doa moja tu ndilo lililowahi kuligusa jina lake. Miaka sita nyuma alinunua mti wa fundi viatu, mti mmoja mkubwa uliokuwa ukimpa fundi kivuli mbele ya kibanda chake. Baada ya kupasuliwa, fundi alihesabu mbao, akaona zimezidi mbili, akaanza kusema mtaani, "Kamba ile inakula." Lo! Mama Kamba hakulala. Alimburuta mpaka ofisi ya mtaa, siku ya mkutano, watu wamejaa mpaka madirishani.

"Una ushahidi gani?" mwenyekiti alimuuliza fundi.

"Nimehesabu mbao."

"Mbao zikizidi ni ufundi wa wapasuaji. Kamba ina kosa gani?"

Fundi akaambiwa aombe radhi. Akasimama, akavua kofia, akaomba radhi mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo aliitwa Mzushi. Hata watoto waliotumwa walimwita hivyo: "Mzushi, mama anasema umshonee kandambili." Wateja wengine walihamia kwa fundi wa stendi. Mama Kamba alipopita pale alivuka barabara, kidevu juu, na moyoni akasema: amejitakia.

Sasa ndipo akaitwa na mshonaji.

Mshonaji alikuwa bibi wa miaka sabini, mjane, miwani imefungwa kwa uzi, tepu ya kupimia nguo iko shingoni toka asubuhi mpaka jioni. Paa lake lilikuwa linavuja juu ya cherehani. Akiinuka kufungua mlango ilibidi aifunike kwa karatasi ya nailoni. Nyuma ya nyumba alikuwa na miti saba ya mkangazi, akaona bora aiuze apate mabati kabla mashine haijashika kutu. Mkadiriaji mmoja alikwishapita, akaguna, akataja bei.

"Alitaja ngapi?" Mama Kamba aliuliza.

Bibi akamwambia. Mama Kamba alipiga kofi mapaja mpaka kuku wakakimbia.

"Kwa mikangazi saba? Laana tupu! Bibi, ulimfukuza?"

"Nilimwambia nakusubiri wewe, mwanangu. Watu wote wanasema wewe hupunji."

Mama Kamba alivimba kichwa, tusifichane. Akapiga magoti kwenye mti wa kwanza, akazungusha kamba, akahesabu, akatangaza, "Futi tano kamili!"

Bibi akachutama taratibu, magoti yakilia, akatoa tepu shingoni na kuupima mti palepale, kama anavyompima mtu kiuno. Akasogeza miwani.

"Mimi napata tano na inchi nne."

"Umekosea, bibi. Ni macho hayo."

Wakapima wa pili. Kamba ikasema futi tano na nusu. Tepu ikasema karibu sita. Wa tatu, vilevile. Mama Kamba akainuka na vumbi lake magotini, na uso umeshabadilika.

"Bibi, unanifahamu mimi?"

"Nakufahamu. Ndiyo maana nikakuita."

"Basi tepu yako imekatwa kichwani! Nimeziona nyingi hizo. Mtu anaikata mwanzo ili mti wake uonekane mnene. Kwa heshima yako yote, bibi, sikutegemea!"

Bibi hakuchemka hata kidogo, na hilo lilizidi kumuudhi mwenzake.

"Tepu hii ina mwezi mmoja, mwanangu. Ile ya zamani nimeitupa, ilikuwa imevutika. Sisi washonaji tunazibadilisha, maana kitu cha kuvuta kila siku kinavutika. Kamba yako ina miaka mingapi?"

"Kamba ya baba yangu haivutiki!" Alisema kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. "Twende kwa seremala! Ana tepu ya chuma. Twende sasa hivi, na hawa majirani waje, waone mwongo ni nani!"

Majirani wakaenda, kwani nani anaachwa na jambo la bure? Shemeji naye, aliyekuwa amekuja kuangalia miti, akafuata msumeno begani.

Seremala akafagia meza yake kwa mkono, akatandaza tepu ya chuma. Akalaza tepu ya bibi pembeni yake. Zikaenda sawa, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Akalaza kamba. Uzi mwekundu wa kwanza ulikuwa umepita kidogo. Wa pili ukapita zaidi. Uzi wa tano ulipolala, tepu ya chuma ilisoma futi tano na inchi nne.

"Usiivute!" Mama Kamba alifoka.

"Sijaivuta, mama. Imelala tu."

Akamsukuma, akailaza mwenyewe, kwa vidole viwili, kama anamlaza mtoto mchanga. Futi tano na inchi nne. Kila mti, kila siku, kwa miaka yote ile alikuwa akiivuta ikaze ili kipimo kiwe cha haki, na kwa kuivuta huko akawa anawapunja watu.

Mbao za baraka. Baraka gani, jamani! Zilikuwa mbao za watu.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka, angepata wa kumrukia.

Shemeji akamvuta kando. "Shemeji, sikiliza. Huyu bibi mlipe kwa tepu yake, yaishe. Ya nyuma yameshapita. Miti yenyewe imeshakuwa vitanda na madirisha, nani atapima kitanda?"

Hapo ndipo hasira iliyokuwa ikitafuta mlango ikaupata.

"Visiki vipo!" alimkemea. "Nimepima pale msumeno ulipopita, au sivyo? Basi kila kisiki kimekaa kwenye ua wa mtu na kipimo chake kichwani! Miaka yote nawatukana wanaokadiria, nawaita wezi, kumbe wenzangu! Angalau wao walikadiria bila kula yamini! Na wewe umepasua mbao zote hizo, hukujiuliza?"

"Wewe ulisema mkono wangu una dawa," shemeji akasema polepole.

Mama Kamba akageuka, akarudi na bibi kwenye mikangazi. Aliipima miti yote saba upya kwa tepu ya bibi, akamlipa bila kuomba apunguziwe hata senti, na bibi akazifunga hela kwenye pindo la khanga.

"Usijiue kwa hasira," bibi alimwambia. "Kifaa kimezeeka, basi."

"Bibi, kuna mtu aliniambia. Miaka sita iliyopita, aliniambia."

Akanunua tepu ya chuma kwa seremala, akaenda moja kwa moja kwa fundi viatu. Safari hii hakuvuka barabara.

Fundi alikuwa akishindilia msumari kwenye kisigino. Amekalia nini? Amekalia kisiki cha mti wake. Mti ulipoondoka hakuwa na hela ya kiti kizuri, akatandika gunia juu ya kisiki na kukifanya kiti. Miaka sita yote alikuwa amekalia ushahidi wake, naye anaitwa Mzushi.

"Kaka, inuka," Mama Kamba alisema.

Fundi hakuinua kichwa. "Unanishtaki tena? Safari hii nimesema nini?"

"Inuka nipime kiti chako."

Ndipo akaiona tepu. Akaweka nyundo chini, akainuka. Mama Kamba akapiga magoti mbele ya wapita njia, akaondoa gunia, akazungusha chuma. Mti ule alikuwa ameulipia futi sita kamili, alikumbuka vizuri, maana alizitaja mbele ya mwenyekiti. Tepu ikasoma sita na inchi tatu, na hapo ganda lilikuwa limeshabanduka lote.

"Mbao mbili," fundi alisema. "Mimi nilisema mbili."

"Ulisema."

Akafungua pochi yake. Fundi akatikisa kichwa.

"Hizo ziweke kwanza, nitazichukua. Si kwamba sizitaki, nazitaka sana. Lakini mimi nilivua kofia mbele ya watu."

"Mkutano ni lini?"

"Jumamosi."

Siku tatu zile nyumbani kwa Mama Kamba hapakukalika. Shemeji alimsihi aseme tu kwamba kamba imezeeka, asiingie ndani sana. Binti yake mkubwa alimpigia simu analia: mama, wateja watakimbia, jina lako ndilo duka lako. Wote aliwajibu kwa ukali uleule, na akishakata simu alikaa kwenye ukingo wa kitanda akishindwa hata kuvua viatu. Alijua wanasema kweli.

Jumamosi ofisi ya mtaa ilijaa. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, Mama Kamba akasimama, kamba mkononi, sauti ikimtetemeka kama ya mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Miaka sita iliyopita kaka yangu fundi viatu aliomba radhi hapa kwa kosa la kusema kweli. Mimi ndiye niliyemsimamisha. Kamba hii inapunja. Sikujua, lakini niliambiwa, na aliyeniambia nilimfanya mzushi. Namwomba radhi mbele yenu. Na mwenye kisiki changu asiking'oe. Nitakuja kukipima, nitalipa kilichopungua, hata ikibidi niuze ghala."

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akainua mkono. "Mimi ninavyo vinne." Mwingine akainua. Mwingine tena. Mikono ikaendelea kuinuka, ya watu aliowajua mmoja mmoja, watu waliokuwa wamemwambia asante, na Mama Kamba akawa anaihesabu kwa midomo bila sauti mpaka akapoteza hesabu.

Kutoka mstari wa nyuma fundi viatu akakohoa. Kofia yake ilikuwa kichwani.

"Dada," alisema, "anza na huyo mwenye vinne. Mimi changu nimekikalia."