Bi Ngoja Kwanza na Barua ya Tatu

Shemeji yangu ana sauti ndogo na msimamo mkubwa, na kazini kwao wamembandika jina la Bi Ngoja Kwanza. Ukimletea habari yoyote, hata ya furaha, jibu lake la kwanza ni hilo. Kaka yangu alipomposa aliambiwa ngoja kwanza, akangoja miezi minne. Kaka ni kinyozi, mtu asiyeweza kunyamaza dakika nne, sembuse miezi. Lakini alingoja, na hajawahi kujuta, isipokuwa siku ya kuchagua mapazia.

Mimi ni fundi bomba. Nalisema mapema ili mtu asinitafutie makosa kwenye mambo ya kompyuta. Nayajua kama nilivyoelezwa mezani, na niliuliza sana, maana sina tabia ya kuitikia nisichokielewa. Kampuni ya shemeji inatengeneza programu inayoigawa kompyuta kubwa moja, ndani yake zikae kompyuta pepe kumi, ishirini, hata hamsini. Kila mteja anapanga yake na kuiona kama ni ya peke yake, kumbe wote wako chini ya paa moja na memori wanachota mahali pamoja. Nikamwambia, basi hiyo ni nyumba ya kupanga yenye tangi moja la maji. Akasema nimepatia, na wiki nzima nikatembea kifua mbele.

Kazi yake ni kupokea taarifa za kasoro na kuzichambua. Kasoro ya kawaida inabandikwa kwenye ubao wa wazi mtandaoni, asome anayetaka. Kasoro ya usalama inafungiwa, wanaijua wachache tu mpaka dawa ipatikane, kwa sababu ukiitangaza mapema umemwonyesha mwizi dirisha lililo wazi. Zamani taarifa yoyote ya memori kuisha ilitupwa kwenye kawaida. Waongezeeni memori, walisema wenzake, mambo yaishe. Jambo hilo lilimkera. Ni kweli memori ikiisha hakuna siri iliyoibwa, lakini kama mpangaji mmoja, kwa makusudi, akiwa chumbani kwake, anaweza kuwazimia majirani wote, huo si uharibifu? Ndipo akaweka kanuni yake: uliza kwanza bomba kafungua nani, na anayekosa maji ni nani. Mtu akijikausha mwenyewe, kawaida. Akiwakausha wenzake, usalama. Maneno ya bomba kayatoa kwangu, na ruhusa hakuomba.

Aliweka na desturi nyingine mbili. Kila tangazo la kasoro ya usalama liwe na mstari unaoitwa Kosa Letu, unaosema kampuni ilikosea wapi. Na kila jioni, kabla ya kuondoka, mashine zote za majaribio zizimwe, ili kesho yake kila jaribio lianze na ukurasa safi. Nyumbani kwake ni hivyo hivyo. Ukiacha kikombe mezani ukageuka, ukirudi kimeshaoshwa.

Mwaka huu kiti cha mkuu wa usalama kikabaki wazi, na shemeji alikitaka. Nalitamka mimi kwa sababu yeye hatamki, lakini koti la usaili nilimwona akilipiga pasi wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Miaka sita amechambua taarifa huku waliokuja nyuma yake wakimpita ngazini. Safari hii hata wao walisema zamu ni yake.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja, fundi simu mstaafu, mteja wao mwenye kompyuta pepe ndogo tu. Aliandika kwamba ukiipa diski pepe kazi halafu ukaifuta kazi hiyo kabla haijaanza, kipande kidogo cha memori ya kompyuta kubwa hakirudi. Ukirudia mara nyingi, nyumba nzima itakauka. Shemeji akajaribu kutwa nzima na hakuona cha kumtisha. Akaandika kwamba kasoro hiyo haina madhara, akaibandika ubaoni pamoja na maelezo yote ya namna ya kuifanya, na herufi za jina lake chini. Mzee akaandika tena, akiomba ijaribiwe upya. Shemeji akajaribu kutwa nyingine, jioni akazima mashine, na jibu la pili likawa fupi kuliko la kwanza.

Barua ya tatu iliingia siku moja kabla ya mapumziko marefu, nayo ilikuwa swali tupu: "Ndugu, samahani kwa usumbufu. Mashine yenu ya majaribio huwa mnaiacha ikiwaka siku ngapi?"

Ananiambia alihisi masikio yanawaka moto. Hakuna hata siku moja, na mashine ikizimwa memori yote iliyopotea inarudi. Kila jioni alikuwa anaufuta ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, kwa agizo lake mwenyewe, na kwa usafi wake huo tunaomsifia. Akaanzisha jaribio upya, akabandika karatasi ya USIZIME kwenye mashine, akaenda zake nyumbani. Siku tatu hizo alituoshea vikombe tukiwa bado tunanywa.

Waliporudi kazini, kompyuta kubwa ilikuwa imezimika na kompyuta pepe zote kumi na mbili zilizokuwa ndani yake. Mkorofi kati ya hizo alikuwa mmoja tu, ile ya jaribio.

Kwa hiyo ilikuwa kasoro ya usalama, na ilikuwa imekaa ubaoni wiki sita ikisomwa na mwenye nia njema na mwenye nia mbaya. Wakaiondoa siku ile ile na kuwaarifu wateja wakubwa faraghani. Binti mmoja mwandishi wa programu akapata mahali penyewe, ambapo kazi ikifutwa programu inasahau kurudisha memori iliyoazimwa. Siku ya tatu dawa ilikuwa tayari. Likabaki tangazo, na usaili ulikuwa keshokutwa.

Bosi wake si mtu mbaya. Alimwita, akafunga mlango, akamshauri tangazo litoke bila mstari wa Kosa Letu, utajazwa usaili ukishapita.

"Mstari wenyewe uliuweka wewe," alimwambia. "Ukiuacha wiki moja, nani atajua?"

"Kama yupo mteja aliyezimikiwa juzi, hajui kwamba aliyemzimia huenda alijifunzia ubaoni kwetu," shemeji akamjibu. "Nikingoja wiki, naye anangoja."

Akaujaza. Akaandika kwamba taarifa ilikuwa sahihi tangu barua ya kwanza, kwamba yeye aliikataa mara mbili kwa sababu ya agizo lake la kuzima mashine, na kwamba ilikaa wazi wiki sita, hivyo kila aliyezimikiwa muda huo akague upya. Akamwandikia na mzee, akamwomba radhi.

Mimi nilikasirika, sifichi. Nilimwambia mtu hajichongei jeneza halafu akapiga na vanishi. Kaka akasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikamwambia hapa vimejikwaa vyote viwili. Shemeji alicheka hadi akashika ukuta. Lakini usiku huo chakula hakukigusa, na koti lilikuwa bado limetundikwa mlangoni.

Kwenye usaili waliulizwa wote kama wamewahi kukosea. Mwenzake mmoja alisema kosa lake ni kujituma kupita kiasi. Shemeji aliwawekea tangazo mezani. Akarudi nyumbani amekwisha kukata tamaa, akatuambia tusimuulize, na kaka wa watu akanyamaza jioni nzima. Nilimhurumia kuliko mgonjwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimelala chali chini ya sinki lao nikibadilisha kiungo cha bomba, simu ikaita. Ilikuwa mwenyekiti wa usaili. Mikono ya shemeji ilikuwa na sabuni, kwa hiyo akaweka simu kwenye spika, na ndiyo maana nilisikia.

Mama yule alisema kura ziligawanyika katikati. Wawili walisema mtu aliyekosea mara mbili hafai kiti hicho. Basi yeye akaona ampigie aliyekosewa, akamuuliza mzee kama angemwamini mtu huyu alinde kompyuta yake.

"Unajua alinijibu nini?" mwenyekiti akasema. "Kasema, 'Nimeandika barua za namna hii kwa kampuni tisa. Nane hazijawahi kunijibu. Huyu kanijibu vibaya mara mbili, ya tatu kaniambia nilikuwa sahihi. Mnatafuta nani tena?' Kwa hiyo, dada, kiti ni chako, kama bado unakitaka."

Shemeji hakusema ngoja. Alisema ndiyo, mara tatu, kwa ile sauti yake ndogo, akakaa sakafuni karibu na spana zangu akalia, na mimi niliyemsema sana nikalia naye.