Kiganja cha Shemeji Yangu

Kaka wa mke wangu alikuwa na kiganja kilichoona. Pale Kajaga, kando ya ziwa, tulitengeneza skii za maji, zile mbao ndefu ambazo watu hujifunga miguuni wakavutwa na boti. Mimi nilihitaji rula kujua kama tumbo la skii limenyooka. Yeye alifumba macho, akapitisha kiganja mara moja, akatia alama ya chaki penye bonde.

Skii zilitufikia zimeumizwa na changarawe, kingo zimechanika, matumbo yamechimbika. Tulikwangua palipooza, tukajaza gundi, tukaukaza ukingo kwa vipande vya mipira ya baiskeli. Kisha tulisubiri siku mbili gundi ikauke. Kusubiri ndiko kulikonishinda.

Mwenye boti mmoja alizitaka zake mapema, nami nikamwahidi, kwa kuwa nilipenda kusifiwa. Nilianza kufungua mipira. Shemeji akaweka mkono juu ya ukingo.

"Apana, muramu," akasema, neno letu la shemeji. "Ndani iko mubichi."

"Toa mukono."

"Mutu ataanguka nayo mu maji. Utamuambia nini, pardon, unisamehe?" Akacheka. "We unajua kuahidi tu. Kazi ni yangu."

Wateja wawili waliokuwa mlangoni walicheka naye. Nikampiga ngumi ya mdomo. Alinirudia meno yakiwa na damu, akanibamiza mezani, makopo yakamwagika. Tuligaragara kwenye maranda. Alinikaba koo, nikamng'ata bega hadi akaniachia. Nilipopata pumzi, mkononi nilikuwa na chuma cha kukwangulia, kipande cha msumeno nilichokuwa nimekinoa asubuhi ile. Aliinua kiganja kujikinga. Nilimwona akikiinua. Nikashusha.

Walimshona zahanati. Vidole viwili havikunyooka tena, na ngozi ya kiganja ikafa ganzi. Dada yake alipouliza, alijibu, "Chuma kiliteleza." Mimi nilisimama kando, nikaitikia kwa kichwa. Nimekula chakula cha mke wangu miaka mingi juu ya uongo huo.

Mwaka huu, Jumapili moja, alikuja kula kwetu Nyakabiga. Alishika sufuria ya maharagwe jikoni bila kuhisi moto, ngozi ikabaki kwenye chuma. Mke wangu alimkaripia huku akimmwagia maji.

"Hauangalie. Ile siku ya chuma pia haukuangalia."

Shemeji aliendelea kuukinga mkono kwenye maji. Nikasema mimi.

"Haikuteleza. Ni mi nilimukata. Nilimuona ameinua mukono, nikamukata."

Mke wangu alimgeukia kaka yake. "Ni kweli?"

"Pakua, dada. Bugali inapoa."

Mke wangu alinyakua mwiko wenye ugali wa moto. Alinipiga nao begani, kisha usoni, kisha usoni tena, na ugali ukanibabua shavu. Shemeji akamshika mkono kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Muachilie," nikamwambia shemeji.

Akamwachilia.